Nani Alokwambia, na Lini?

Nilichomoa plagi.

Feni za swichi zilishusha mlio kidogo kidogo kama mtu anayemaliza kukoroma, kisha kimya. Taa za kijani zikazimika mstari mzima. Swichi yenyewe, kile kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi na kuzielekeza njia, imekaa ndani ya kidaka, kwenye ukuta wa mawe wa nyumba ya zamani pale Shela, Lamu, mahali ambapo huenda wazee wa mwenye nyumba waliweka sahani zao za Kichina. Nilihesabu hadi 10, nikairudisha plagi, nikakunja mikono nikingoja iamke.

Ilikuwa alasiri, kusi linavuma, mchanga unaingia hadi ndani ya kinanda cha kompyuta. Kwa zile dakika za kungoja nilijiona fundi hodari.

Baada ya hapo mtandao wa ofisi zote 3, Shela, Langoni na Mokowe, ulikwenda mrama kwa karibu saa 2, na aliyeupeleka huko ni mimi.

Nimekaa na jambo hili wiki 6 sasa. Si zile saa 2 zinazonikera. Mitandao huanguka, ndiyo kazi yetu. Kinachonikera ni kwamba swichi ilikuwa imeshaniambia kila kitu kabla sijaigusa, kwa ukurasa mmoja wa maandishi, na ukurasa huo niliusoma.

## Taa inayopepesa

Dada wa hesabu ndiye aliyeanza. Aliniita kutoka chumba cha mbele: "Fundi, mfumo unakwama. Na hii taa ya nyuma ya mashine inawaka na kuzima, sijui ndivyo inavyotakiwa?"

Nilisikia nusu ya kwanza. "Mfumo unakwama." Ile ya taa ilipita kama upepo.

Badala ya kwenda mezani kwake hatua 8, nilikwenda kwenye kidaka, nikachomeka kebo yangu, nikaandika ile amri ambayo mikono yangu huiandika yenyewe nikiwa na wasiwasi: `show ip protocols`.

Wanaofanya kazi hii wanaijua. Haikuonyeshi njia moja moja. Inakupa muhtasari wa itifaki, yaani kanuni za mazungumzo ya vifaa, inayozitafuta hizo njia. Juu inataja itifaki ipi inafanya kazi. Kisha vichujio, kama vipo. Kisha kitambulisho cha ruta (ruta ni kifaa kinachoelekeza njia, na kwetu kazi hiyo hufanywa na swichi hizi hizi), idadi ya maeneo, njia ngapi za gharama sawa zinaweza kutumika pamoja (kwetu ni 4, kama ilivyotoka kiwandani), mitandao uliyoiambia iitangaze, na violesura, yaani milango ya kuunganishia, ulivyovinyamazisha. Karibu na mwisho kuna jedwali dogo la safu 3, na hilo ndilo macho yangu hulikimbilia siku zote. Nani aliyenipa habari. Ninampa uzito gani (swichi huuita umbali, na ukiwa mdogo anaaminiwa zaidi). Mara ya mwisho ilikuwa lini.

Siku ile jedwali lilikuwa na mistari 2. Swichi ya Langoni, 110, `3w2d`. Swichi ya Mokowe, 110, `3w2d`.

Wiki 3 na siku 2.

Moyo ulinidunda. Nikasema: hawa wamekufa, na swichi yangu inaishi kwa habari za maiti.

## Nilivyolelewa na RIP

Hapa nijitetee kidogo, ingawa si sana.

Chuoni nilijifunza kwa RIP. Itifaki ya kizee, imeandikwa kwenye RFC 1058 (RFC ni hati za kanuni za intaneti) ya mwaka 1988, na tabia yake ni ya shangazi mmoja ninayemjua: kila baada ya sekunde 30 anakusimulia kila kitu upya, liwe jipya au la jana. Akinyamaza sekunde 180, njia zake zinahesabiwa mbovu. Zikifika 240, kwenye swichi za aina yetu, zinafutwa. Ruta ya 16 kwake ni kama haipo duniani. Ukisoma ule muhtasari kwenye mtandao wa RIP, safu ya tatu ni kipimo cha homa: sekunde 12, mzima, sekunde 25, mzima, dakika 2, kuna mgonjwa.

Mwalimu wetu alitufundisha kuisoma hivyo, na alikuwa sahihi. Kwa RIP.

Sisi tunatumia OSPF, ambayo toleo lake la 2 John Moy aliliandika kwenye RFC 2328 ya Aprili 1998, na mwendo wake ni mwingine kabisa. Majirani husalimiana kila sekunde 10 kwenye viungo kama vyetu, na jirani asiposikika kwa sekunde 40 anahesabiwa hayupo. Lakini salamu ni salamu tu, hazina habari ndani yake. Habari hutoka kitu kinapobadilika. Kisipobadilika, kila mmoja hurudia tangazo lake kila dakika 30 ili lisifikishe saa nzima likachakaa, na marudio hayo, kwa kuwa hayageuzi njia yoyote, hayaigusi ile saa kwenye muhtasari.

Nina ndugu Muscat. Hapigi simu. Akipiga, tunakaa kitako kwanza, maana kuna aliyezaliwa, aliyeoa au aliyefariki. Wiki 3 bila simu yake nyumbani kwetu huitwa amani.

Kwa hiyo `3w2d` ilikuwa na maana moja: wiki 3 na siku 2 hakuna kilichoharibika. Ningetaka kujua kama majirani wapo hai, kuna ukurasa mwingine, wa majirani, unaohesabu zile sekunde 40 mbele ya macho yako, na kila salamu ikifika unaanza upya.

Sikuufungua. Nilichomoa plagi.

## Wawili kwa jina moja

Swichi iliamka. Nikaona majirani wanarudi, njia zinaingia, nikamwita dada wa hesabu: "Jaribu sasa."

"Bado."

Dakika moja baadaye simu yangu ikaanza. Langoni: intaneti imekatika. Kisha Langoni tena: imerudi. Kisha: imekatika. Mokowe wakapiga, wakasema wao wanaiona intaneti vizuri lakini hawaioni Langoni. Halafu wanaiona. Halafu hawaioni.

Mpangilio wetu ni huu: Langoni yuko katikati. Shela anaonana naye kwa antena upande huu, Mokowe anaonana naye kwa antena kutoka ng'ambo bara, na intaneti ya wote inaingilia Mokowe. Shela na Mokowe hawagusani. Sasa iweje niizime Shela, mkiani, kisha aumie Mokowe aliye kichwani?

Sikujua. Na nilipokosa kujua nilifanya kama wafanyavyo wengi: nilitoka mbio.

## Kwenye boti

Maji yalikuwa yamejaa hadi ukutani, njia ya pwani kwa miguu haikufaa, nikapanda boti. Abiria tulikuwa wachache. Nimekaa mbele, simu mkononi, najibu ujumbe kwa uongo mdogo mdogo: "Nashughulikia." "Dakika chache."

Nyuma yangu nahodha, mzee wa makamo, alikuwa akipanga safari ya kesho na kijana wake. Kuna wageni wanataka kupelekwa kisiwa cha Pate. Kijana anasema wapite Mkanda, ule mkondo kati ya Manda na bara, wasizunguke Manda kwa nje, kusi hili litawatapisha wageni.

"Mkanda una maji, Ami. Utapitika."

"Nani alokwambia?"

"Watu wa Mtangawanda."

"Lini?"

"Jana."

Mzee akacheka hadi usukani ukayumba. Jana! Akamhesabia kwa vidole: maji hukawia karibu saa nzima kila siku, na aliyepita jana kwa maji ya kujaa hakukwambia utakachokikuta kesho saa ile ile. Muulize saa ngapi alipita, umehesabu mwenyewe.

Wala hakumaliza sentensi vizuri, maana tulikuwa tunakaribia fungu la mchanga, na aliikata boti kushoto bila hata kulitazama. Fungu lile, akamwambia kijana, kaonyeshwa na marehemu babake.

Mimi nilikuwa nikiandika "dakika chache" kwa mara ya 4. Maneno yale niliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Yalinirudia usiku, nimelala, wala sijui kwa nini yalikuja pamoja: habari ya jana iliyochekwa kwa kuwa ni ya jana, na habari ya marehemu ambayo hakuna aliyeiuliza umri.

## Langoni

Ofisini Langoni niliingia kwenye swichi za Shela na Mokowe, nikazikuta zinapiga kelele kwenye kumbukumbu zao, mstari juu ya mstari. Swichi za aina yetu zina neno lao kwa hali ile, nalo lina vita ndani yake: vita vya mafuriko. Ruta mbili zinapokezana kutangaza jambo kwa jina moja, kila moja ikidhani mwenzake ni nakala yake ya zamani iliyopotoka, kila moja ikipandisha namba ili ya kwake ionekane mpya zaidi. Shela anasema: mimi ndiye `10.255.0.1`, nimeungana na hawa. Mokowe anasikia, anashtuka, anasema: la, mimi ndiye `10.255.0.1`, na nimeungana na hawa. Shela naye anashtuka. Langoni, masikini, katikati, kila mara anachora ramani upya kwa kumwamini aliyesema mwisho.

Kitambulisho cha ruta huandikwa kama anwani ya IP, lakini si anwani ya kufikiwa. Ni jina tu. Sharti lake ni moja, kwamba wasiwepo wawili wenye jina hilo.

Nilikaa chini. Hapo ndipo nilipokumbuka Februari.

Februari niliipanga upya swichi ya Shela. Nilichukua mpangilio wa Mokowe, nikaunakili mzima, nikabadilisha anwani moja moja: mtandao wa wafanyakazi, wa simu, wa kamera. Kile kiolesura cha ndani, cha kuwaziwa tu, kisichochomekwa waya wowote, ambacho kazi yake karibu yote ni kutoa jina, nilikisahau. Kikabaki na namba ya Mokowe.

Lakini kwa nini miezi yote hiyo hakuna kilichotokea? Kwa sababu usipoiandikia swichi jina waziwazi, inajichagulia: kwanza anwani kubwa kuliko zote kwenye violesura vya ndani, kama havipo, anwani kubwa kwenye violesura vilivyo hai. Na ikishachagua, haibadilishi hadi itifaki ianze upya. Shela ilikuwa imeshajiita `10.20.2.1` kabla sijaingiza kosa langu. Ikaendelea na jina lake la zamani, kosa limelala chini yake. Umeme hukatika Shela, sana, lakini swichi ile ina betri ya akiba. Haikuwahi kuzimika.

Betri nzuri. Ilinifichia aibu kwa miezi 5, hadi nilipochomoa plagi kwa mkono wangu.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: kuipa Shela jina lake waziwazi, na kuianzisha itifaki upya. Nilifanya kutokea Langoni, kwa kuingia Shela kupitia anwani ya kiungo kinachowaunganisha moja kwa moja. Kiungo hicho hakingoji OSPF. Njia ya mlango kwa mlango ina umbali 0 kwenye hesabu ya swichi. Hakuna aliyekuambia, unaiona mwenyewe. Ndipo nikagundua kwamba ningeweza kukaa Shela, kwenye kiti, nikayafanya yote hayo bila boti.

Chini ya dakika moja, kimya. Vita vimekwisha.

Nikampigia dada wa hesabu kwa fahari. "Jaribu sasa."

"Bado, fundi."

## Waya

Nilirudi Shela kwa boti nyingine, jua linakuchwa. Nikainama chini ya meza yake. Waya wa mtandao ulikuwa umetoka nusu. Ule ulimi mdogo wa plastiki unaoushika umevunjika, na kila fagio likipita asubuhi linausukuma kidogo. Taa inawaka, inazima, inawaka.

Nilibadilisha kichwa cha waya. Dakika 3.

Hakusema kitu. Alifungua mfumo wake, akaendelea pale alipokuwa ameachia.

## Mstari wa 4

Programu ninayotumia huhifadhi kila kinachopita kwenye skrini. Kwa hiyo ule ukurasa niliousoma kabla ya kuchomoa plagi ninao. Nimeufungua mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Mstari wa 1, itifaki. Wa 2 na wa 3, vichujio, hakuna. Wa 4: kitambulisho cha ruta ni `10.20.2.1`.

Hapo ndipo ningesimama. Ningejiuliza: hivi mimi si nina kiolesura cha ndani kwenye swichi hii? Kwa nini haijiiti kwa namba ya kiolesura hicho? Swali hilo lingenipeleka kwenye mpangilio, na kwenye mpangilio ningeona `10.255.0.1`. Kisha ningeshuka chini, kwenye lile jedwali la nani na lini, ambako Mokowe ameandikwa kwa jina lake: `10.255.0.1`.

Yaani namba ile ile. Kwenye skrini ile ile niliyoisoma kwa sekunde 5 nikakimbilia safu ya mwisho.

Nimejaribu kujiambia kwamba hakuna fundi anayesoma mstari wa 4. Si kweli. Namjua mmoja wa Malindi anayeusoma kwanza, kila siku, na nilikuwa nikimcheka.

Na hata sasa sina hakika ni kosa gani kubwa. Kunakili bila kukagua hutokea kwa kila mtu. Kuisoma OSPF kwa macho ya RIP ni ujinga, lakini ujinga unafundishika. Lile linalonirudia ni jingine: nilikwenda kwenye ukurasa ule nikiwa na jibu tayari. Nilitaka kuona kitu kilichokufa, nikatafuta namba kubwa, nikaipata.

## Betri ya pili

Jioni ile bosi aliuliza kilichotokea. Nikasema: "Umeme."

Neno moja. Lamu nzima hakuna atakayelibishia.

Nilidhani limepita. Wiki ya 3 likarudi kama karatasi: ombi la kununua betri ya akiba mpya kwa ajili ya Shela, kubwa zaidi, limeshapigwa mhuri, linangoja sahihi yangu kama fundi anayethibitisha haja. Bei yake ingetosha kulipa kibarua kwa miezi.

Karatasi ile ilikaa mezani kwangu siku 2. Siku ya 3 nilipanda ngazi.

Nilimweleza yote. Nilianza na Februari, nikafika kwenye majina, nikajikuta nachora ofisi 3 nyuma ya lile ombi. Alisikiliza kuliko nilivyotarajia. Mwishoni akauliza swali moja tu: "Na betri iliyopo ni nzima?"

"Nzima sana."

Akaichana karatasi katikati, na mchoro wangu. Tangu siku hiyo hunitazama kwa namna fulani nikisema neno "umeme".

Dada wa hesabu nilimwambia baadaye, tukinywa chai. Yeye hakutaka habari za vitambulisho. "Lakini nilikwambia taa inapepesa," akasema. "Tangu asubuhi."

## Jina lililobaki

Swichi zote 3 sasa nimeziandikia majina waziwazi. Shela ni `10.255.0.3`. Kabla sijaizima au kuianzisha upya yoyote, nasoma kutoka juu, na ukurasa wa majirani naufungua hata kama sina shida nao.

Kimebaki kitu kimoja. Ukiingia kwenye swichi ya Langoni ukauomba muhtasari, kwenye lile jedwali la chini utakuta mistari 3 badala ya 2. Mokowe yupo. Shela yupo kwa jina lake jipya. Na chini yao yupo `10.20.2.1`, jina ambalo hakuna ruta inayojiita tena, umbali 110, saa yake bado inahesabu. Haimdhuru mtu, hakuna njia hata moja inayopitia kwake. Njia ninayoijua ya kumfuta ni kuianzisha itifaki ya Langoni upya.

Leo asubuhi alikuwa amefika `6w1d`. Nimemwacha.